Huduma ya kupogoa Ficus lyrata nyumbani, kutoka kitalu cha Mikocheni, Dar es Salaam

Mti huu niliununua ukinifika magotini, na ilipofika mwanzoni mwa Machi ncha yake ilikuwa imegusa dari ya sebule yangu huku Upanga, majani ya juu yakikunjika kwa kukosa pa kwenda. Ni Ficus lyrata, ndugu wa mkuyu na mtini, asili yake misitu ya mvua ya Afrika Magharibi, ambako hufikia mita 12 hadi 15. Jani lake lina umbo la fidla ile ya kwenye taarabu, pana upande wa ncha na limebanwa kiunoni, na likikomaa linaweza kufika sentimita 45. Kwa mti wenye majani makubwa hivyo, kila jani linaloondolewa huacha pengo linaloonekana tangu mlangoni.

Nilisita mwaka mzima kabla ya kuita mtu, na kusita huko kulikuwa na chanzo. Mtunza bustani niliyewahi kumwita zamani, ambaye hahusiani na kitalu hiki, aliondoa majani yote ya chini kwa siku moja ili shina lionekane kama la mti wa nje, tena kwa mkasi ambao alikuwa ametoka kupunguzia michongoma bila hata kuufuta. Majani yale hayajarudi mpaka leo, kwa kuwa sehemu ya shina iliyokwisha kukomaa ikivuliwa majani kwa kawaida hubaki tupu, hata kama ncha inaendelea kukua.

Fundi wa kitalu hiki alifika saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi tuliyokubaliana, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Hilo ni kosa, na nimewaambia. Lakini alipoingia, kwa karibu dakika ishirini hakugusa mkasi. Aliuzungusha mti, akachomeka kidole kwenye udongo hadi nusu, akageuza majani moja baada ya jingine kutazama mgongo wake kama kuna wadudu, kisha akaniuliza namwagilia mara ngapi kwa wiki na kiyoyozi kinapuliza upande gani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu majani 11 yenye madoa nikitaka yaondolewe yote. Aliondoa manne tu. Kwa lile la tano aliweka kiganja chake nyuma ya sehemu iliyokuwa bado kijani, akaniambia, "Dada, hili bado linaulisha mti. Tukilitoa leo, tunaupunguzia chakula wakati tunataka utoe matawi."

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya mtu anayekata na mtu anayejua kupogoa. Alinionyesha kwamba madoa meusi-meusi, laini, yaliyokuwa kwenye majani ya chini, yanatokana na mizizi kukaa kwenye maji mengi, wakati kingo kavu za kahawia upande wa kiyoyozi zinatokana na ukavu. Na kwamba doa likishaingia kwenye jani halitapona kamwe, kwa hiyo swali ni kama sehemu iliyobaki inatosha kufanya kazi. Majani yenye kingo kavu hakuyatoa. Alichukua mkasi mdogo wenye ncha nyembamba, akafuata mkunjo wa jani lenyewe, akiacha uzi mwembamba wa kahawia ukingoni, kwa sababu ukikata ndani ya kijani unatengeneza jeraha jipya ambalo nalo litakauka. Ukisimama hatua mbili kutoka pale, huwezi kujua kwamba majani yale yamepunguzwa.

Yale manne aliyoyatoa aliyakatia kwenye kikonyo, karibu na shina bila kugusa gome, akifuta mkasi kwa spiriti kila alipohama jani. Utomvu mweupe ulitoka papo hapo. Alikuwa amevaa glavu, maana utomvu huu huwasha ngozi, na alinitahadharisha nimweke mbali paka wangu, kwani akitafuna majani haya humdhuru mdomo na tumbo. Gazeti alilotandika lilikuwa dogo, na matone yaliyoangukia vigae yalinigharimu jioni nzima ya kusugua.

Ncha ya juu aliikata mwishoni, sentimita moja hivi juu ya kifundo, yaani pale jani linapochomoza kwenye shina, akaondoa kipande cha sentimita 40. Ncha ya mti hutoa homoni inayoshuka kwenye shina na kuvizuia vichipukizi vya chini visiamke. Ikiondolewa, vile vilivyo karibu na mkato hupata nafasi. Jumla ya alichoondoa haikufika theluthi moja ya majani, na huo ndio mpaka ambao alisema havuki kwa siku moja. Kipande kile, kikiwa na vifundo vyake, alikiweka kwenye chupa ya maji. Nilipomwonyesha jani moja nililokuwa nimelitia mizizi mwenyewe kwenye glasi, alinieleza kwa upole kwamba jani lenye kikonyo peke yake huota mizizi na kukaa kijani kwa muda mrefu, lakini halina chipukizi la kuzaa shina, basi halitakuwa mti.

Wiki ya tano vichipukizi vitatu vilivimba chini ya mkato. Sasa ni Julai; viwili vimekuwa matawi, kimoja kina majani matatu, kingine manne, na kipande cha kwenye chupa kimehamia kwenye chungu chake. Nililipa shilingi 35,000 pamoja na nauli. Kitalu hutoza kwa safari na si kwa idadi ya majani, na ninalitilia uzito jambo hili, kwa sababu fundi anayelipwa kwa kila jani ana sababu ya kukata lile la tano.

Nimekwisha kuomba miadi ya Septemba kwa ajili ya tawi moja linaloelekea dirishani. Nimemtaka fundi yule yule, na safari hii nitatandika magazeti mwenyewe kabla hajafika.