Kula Forodhani Kabla ya Kulala: Cha Kuagiza na Cha Kuacha

Soko la chakula la usiku katika bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, limesifiwa sana kwa ladha zake, na sifa hizo linastahili. Hapa nalitazama kwa swali moja ambalo wanaolisifu kwa kawaida hawaligusi: mtu anayekula pale kisha akaenda moja kwa moja kitandani, je, chakula kile kinamfaa? Nauliza kwa sababu walaji wengi wa Forodhani hawafiki pale wakiwa na njaa. Wamekwisha kula nyumbani au hotelini, wanatoka kupunga upepo wa bahari, harufu ya nyama inayochomwa inawavuta, na ikifika saa 4 usiku wameshika sahani. Kwao chakula kile ni vitafunio vya kabla ya kulala, hata kama sahani imejaa kama ya mlo kamili.

Mahali penyewe panamsaidia mlaji. Bustani iko mbele ya Ngome Kongwe, jirani na Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na tangu ilipokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, ina njia nzuri za kutembea na mahali pa kukaa ukiitazama bahari. Mtu anaweza kula taratibu, akazungumza na wenzake, akatembea kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Meza huanza kupangwa jua linapokaribia kuzama, na ushauri wangu wa kwanza ni kufika mapema, mara tu baada ya sala ya magharibi. Wagonjwa wa kiungulia hushauriwa waache zipite saa 2 hadi 3 kati ya kula na kulala, kwa kuwa mtu akilala tumbo likiwa limejaa, tindikali hupanda kirahisi kwenye umio. Anayekula saa 1 usiku na kulala saa 4 amepata muda huo bila kujinyima chochote. Anayefika saa 4 ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini, na mengi ninayoyasema hapa yanamhusu yeye.

Chakula ninachompendekezea kuliko vyote ni vitu vya mkaa: mshikaki wa samaki au wa kuku, au pweza. Pweza aliyepikwa vizuri huwa amechemshwa kwanza hadi akalainika, kisha akamaliziwa juu ya moto, naye ana protini nyingi na mafuta machache sana. Mshikaki mmoja na kipande cha muhogo wa kuchoma hutosha kabisa kuondoa njaa ya usiku bila kulielemea tumbo. Mchuzi wa pilipili uombe uwekwe pembeni, kwa sababu pilipili nyingi usiku huwachoma wengi kifuani. Jambo jingine ni la usalama zaidi kuliko usingizi: vyakula vya baharini vilivyokaa mezani tangu jioni katika joto la Unguja si vya kuaminiwa kwa kutazamwa tu. Chagua meza yenye wateja wengi, ulizia bei mapema, omba mshikaki wako uchomwe mbele yako, na usikubali kupewa uliopashwa moto juu juu.

Piza ya Zanzibar ni habari nyingine. Inafaa kusimama kando na kuitazama inavyotengenezwa, kwa kuwa ufundi wake ni wa kweli na sababu ya uzito wake inaonekana wazi. Mpishi huchukua donge dogo la unga, hulivuta kwa viganja hadi likawa jembamba kama karatasi, huweka katikati nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, jibini na mayonezi, huvunja yai juu yake na kukoroga palepale, kisha hukunja pembe zote nne na kuikaanga kwenye chuma bapa, akiizungushia mafuta hadi kingo zikawa za kahawia. Nyama, yai, jibini, mayonezi na mafuta ya kukaangia vyote viko katika kipande kimoja. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na ndiyo maana aliyekula piza hiyo na kulala baada ya nusu saa huamka usiku wa manane akicheua. Ile ya ndizi na chokoleti, ambayo watoto huipenda sana, huongeza sukari juu ya mafuta hayo. Ni chakula kitamu na sitamzuia mtu kukila saa 1, lakini saa 4 namsihi agawane kimoja na wenzake wawili.

Urojo nao ninaupenda kwa dhati, ila ukali wake wa ukwaju au embe bichi, pamoja na bajia na kachori zilizokaangwa, haumfai mwenye kiungulia wakati huo. Asiye na tatizo hilo na ale bakuli dogo.

Kinachonisumbua zaidi ya vyakula vyote ni vinywaji, kwa sababu watu hawavihesabu. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi huburudisha mno, lakini ni sukari inayoingia mwilini upesi, tena katika saa ambazo mwili huimudu vibaya zaidi kuliko asubuhi. Mwenye kisukari asiiguse usiku. Kahawa chungu pia iachwe mapema, kwani hata zikipita saa 5 hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini.

Je, basi, kula kabla ya kulala ni kubaya? Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston walichapisha utafiti wa watu 16 wenye uzito uliozidi, waliokula milo ileile kwa ratiba mbili, moja ya mapema na nyingine iliyosogezwa mbele kwa takriban saa 4. Katika ratiba ya kuchelewa walihisi njaa zaidi na miili yao ilitumia nishati kidogo zaidi. Hiyo ni hoja nzito dhidi ya kuifanya saa 4 usiku kuwa saa ya mlo. Lakini utafiti huo ulisogeza milo mizima, na haumhukumu mtu mwenye njaa anayekula mshikaki mmoja, kwa sababu njaa nayo hufukuza usingizi. Wapo pia wanaotumia insulini ambao daktari wao huwaelekeza kula kitu kidogo kabla ya kulala ili sukari ya damu isishuke chini ya 3.9 mmol/L usiku, hao wafuate maelekezo yao bila kujali ninayoyaandika.

Kwa mapema ya usiku, Forodhani naipa alama za juu bila kusita. Kwa saa 4 na kuendelea, alama hizo nazitoa kwa meza za mkaa peke yake. Ombi langu kwa wapishi ni kwamba waanze kuuza vipimo vidogo: nusu piza, bakuli dogo la urojo, juisi ya miwa katika kikombe kidogo, na sahani ya papai na nanasi iliyokatwa wakati huohuo. Mteja anayechelewa atalipa kwa furaha, na kesho yake atarudi.