Nilihama Tumbaku, Kiko Changu Kikagoma Kuhama

Nianze na nyota kabisa, ili asiye na muda aende zake: moja. Moja kwa kopo zima la gramu 50 la tumbaku ya mchanganyiko yenye Latakia, jani lililokaushwa kwa moshi, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu sifuri haiwekeki. Mtakaoendelea kusoma mtaniona nabadilika-badilika, nivumilieni, hasira yenyewe bado haijapata pa kutua.

Mimi ni mgeni kwenye kiko. Kama wageni wengi, niliingilia mlango wa tumbaku za manukato: Cavendish nyeusi iliyonyweshwa vanila. Kila aliyekaa karibu nami aliisifu. "Moshi wako unanukia!" Unanukia kwao. Kwangu mimi niliyekuwa nimeushika mrija kwa meno, vanila ilikuwa haifiki. Kilichokuwa kinafika ni joto. Tumbaku nyingi za aina hiyo hutiwa propilini glaikoli zisikauke upesi, kwa hiyo hata uzianike juu ya karatasi zinabaki na unyevunyevu. Unyevu ule ukichemka ndani ya bakuli la kiko unageuka mvuke, na mvuke ndio unaobabua ulimi. Nikifika katikati kiko kinaanza kukoroma, maji yamejaa kwenye mrija, napitisha ule waya wenye manyoya wa kusafishia, unatoka umelowa rangi ya chai. Nilivuta hivyo muda mrefu nikidhani ndiyo starehe yenyewe.

Ndipo nikaamua kuhama. Na hapa ndipo anapoingia bwana huyu, muuza tumbaku, ninayemwandikia maneno yote haya.

Nilimwendea kwa adabu zote. "Samahani kaka, nimekuwa nikivuta hii, naona inaniunguza. Nataka kuhamia aina nyingine, nianzie wapi?" Akaichukua pakiti yangu ya vanila kwa vidole viwili, akaitazama mbele na nyuma, akacheka kwa pua. Nasema kwa pua, mdomo wenyewe hakuufungua. Kisha akawageukia wateja wengine wawili waliokuwa wamesimama pale, akawaonyesha. Akawaonyesha! "Mdogo wangu, hii ni peremende. Tumbaku ya watu wazima hii hapa," akanisukumia kopo. Nikamuuliza kama kuna chochote cha kufanya kwanza kwenye kiko changu kabla ya kubadilisha. Swali zuri kabisa, na hadi leo naliona zuri. Jibu lake: "Unashindilia, unawasha, unavuta. Ikikushinda, peremende zako zipo."

Wale wateja wakacheka. Mmoja alicheka zaidi ya inavyostahili, huyo naye nimemwandika moyoni.

Haya. Kopo nikafika nalo. Kufungua tu ni kazi, maana hewa imenyonywa ndani na mfuniko umeng'ang'ania. Lazima uchomeke sarafu ukingoni na kuizungusha mpaka hewa iingie. Sarafu ya kwanza ilipinda ukingo wa mfuniko na haikufungua kitu. Ilipofunguka, ilinijia harufu ambayo sikuwa nimeitarajia: moshi wa kuni, ngozi ya viatu vipya, na chini kabisa kitu kichachu kama siki. Jani la Latakia hukaushwa kwa moshi wa kuni na vichaka kwa majuma kadhaa, ndiyo maana ni jeusi namna ile. Jina ni la bandari ya Syria, ingawa siku hizi jani lenyewe kwa kawaida linatoka Kupro. Nilikaa nimeinamia kopo nainusa tu. Nikasema moyoni, jamaa hana adabu lakini kanipa kitu.

Nikashindilia kwa kanuni ile ya wazee wa kiko: fungu la kwanza kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Nikawasha mara ya kwanza, tumbaku ikafura, nikaishindilia taratibu, nikawasha tena. Nikavuta.

Jamani. Fikirieni keki iliyoangukia majivuni, kisha mtu akaiokota na kukupa ule. Utamu wa vanila, uleule ambao kwenye pakiti yake haukuwahi kunifika mdomoni, sasa umefufuka na umepanda juu ya moshi wa kuni. Kila kitu kilikuwa kinapigana. Mbele sabuni, nyuma masizi. Nikajikaza, nikidhani labda ni pumzi za mwanzo tu. Kadiri bakuli lilivyopata joto ndivyo vanila ilivyozidi. Nilipofika nusu nilikigonga kiko nikamwaga yote.

Nikajaribu tena, na tena. Mambo ni yaleyale. Nikakausha tumbaku zaidi, nikavuta polepole zaidi, nikabadilisha hata aina ya kiberiti. Bado sabuni na masizi.

Nikarudi kwake. Msiniulize kwa nini nilirudi, nadhani nilitaka aseme samahani. Nikamweleza: kaka, hii tumbaku ina ladha ya sabuni. Hakuniuliza hata swali moja. Akasema ulimi wangu haujakomaa, na kwamba Latakia ina nikotini kali, si ya wanaojifunza. Eti nilikuwa nimelewa, ndiyo maana ladha ilinipotea.

Sasa hapo ndipo nilipochukia kabisa, kwa sababu hilo si kweli. Latakia ina harufu nzito, lakini nikotini yake ni ndogo. Jani lenye sifa ya kukutikisa ni burley, tena hasa ukivuta tumbo likiwa tupu. Nikotini ikikuzidi unaijua: kizunguzungu, kwikwi, jasho la ghafla, kichefuchefu. Mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Nilikuwa na sabuni mdomoni. Mtu anayeuza tumbaku kila siku hajui hilo? Au anajua, ila ni raha zaidi kumwambia mgeni kwamba hajakomaa?

Alichopaswa kuniambia kingemchukua nusu dakika. Kiko changu ni cha mti, na viko vya mti kwa kawaida hutengenezwa kwa uvimbe wa mizizi ya Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania. Mti huo unastahimili moto, lakini unanyonya. Ukivuta kwa muda, ndani ya bakuli hujengeka gaga la makaa, ambalo linatakiwa liwepo kwa sababu linaukinga mti usiungue, na gaga hilo nalo linanyonya. Kwa hiyo tumbaku uliyoivuta kwa miezi inabaki mle. Haionekani, wala kiko kikipoa huwezi kuinusa vizuri, lakini moto ukiingia inaamka. Za manukato ndizo sugu zaidi, na Latakia nayo ni hivyohivyo: ukikizoesha kiko Latakia kisha ukaweka Virginia, aina nyingine ya tumbaku iliyo laini, utavuta moshi wa kuni hata kama kwenye kopo hakuna chembe yake. Ndiyo maana wenye viko vingi hutenga: hiki cha tamu, hiki cha Virginia, hiki cha Latakia. Mimi nilikuwa nacho kimoja, na aliniona nimekishika mkononi. "Unavutia kiko gani?" Swali la maneno matatu. Halikumtoka.

Haya niliyapata kwa mzee mmoja mvutaji, mtu mpole, aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza halafu akauliza swali hilohilo. Akaniambia, mwanangu, kabla hujalitupa hilo kopo, livutie kwenye kiko cha gunzi.

Kiko cha gunzi la mahindi, ndiyo. Kule Marekani, mji wa Washington katika jimbo la Missouri, wanavitengeneza tangu 1869, na ni kitu cha bei ndogo ukikilinganisha na kiko cha mti. Havina majivuno. Havihitaji kuzoeshwa kwa muda mrefu, vinavuta unyevu vizuri, na kwa kuwa ni rahisi unaweza kuwa navyo kadhaa, kila kimoja na aina yake ya tumbaku. Mgeni anayetaka kuonja mchanganyiko mpya bila mizimu ya ule wa zamani aanzie hapo. Ningeambiwa hilo siku ile ya kwanza, msingekuwa mnasoma hapa.

Nikanunua kimoja, kwa mtu mwingine kabisa. Nikachota kutoka kopo lilelile nililokuwa nimeliwekea nyota moja, nikaianika kwenye karatasi kwa muda wa kutosha, mpaka nikiibana kwa vidole inaachia yenyewe badala ya kuganda donge. Nikawasha.

Nitasema nini. Moshi uliingia mdomoni mkavu, umepoa, hauna ugomvi. Mwanzo ni kuni tupu. Halafu, bakuli likipata joto, unaanza kuisikia Virginia iliyochanganywa humo ikija kwa chini na utamu wake wa nyasi kavu, utamu wa jani lenyewe, si wa kunyunyiziwa. Tumbaku za Kituruki zilizomo nazo zina uchachu kidogo ambao unakuja pembeni mwa ulimi na kuondoka. Na ulimi hauungui! Nilikuwa nasubiri uungue, nimezoea, nikawa naupitisha kwenye meno kuukagua. Mzima. Nilivuta hadi chini, jivu likawa jeupe na jepesi, nikageuza kiko likamwagika lote bila kubakiza uji wa kahawia chini.

Basi nyota tano. Nafuta ile moja ya juu. Tano.

Lakini hebu niambieni, hasira nimwekee nani? Kwa sababu hasira haikupungua, ilipanda. Kopo hili lilikuwa ukingoni mwa pipa la taka. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvuta nilikaribia kukitupa, na kurudi kwenye "peremende", na kuamini maisha yangu yote kwamba ulimi wangu ndio mbovu. Kwa sababu ya kicheko cha pua.

Kiko cha mti nacho sikukiacha kishinde. Mzee alinielekeza: kwangua gaga kidogo, usilimalize, jaza chumvi ya mawe ndani ya bakuli, isizidi ukingo na isiingie kwenye mrija, dondoshea pombe kali kidogo kidogo mpaka chumvi ilowe, kiache usiku kucha. Wapo wanaoogopa chumvi, wanasema inaweza kupasua mti, hao hutumia pamba. Mimi nilitumia chumvi. Asubuhi ilikuwa imegeuka kahawia iliyokolea, na ilipomwagika kwenye karatasi, vanila ikajaa chumba kizima. Ndipo nikainusa vizuri kwa mara ya kwanza, na ilikuwa nzuri kweli, hilo nalikubali. Nikakiacha kiko kikauke siku kadhaa kabla ya kukigusa. Sasa kinavuta Latakia bila ugomvi, ingawa zikifika pumzi za mwisho kabisa, kuna siku nahisi kama tone la vanila limebaki mahali. Labda ni mawazo yangu.

Na nisiwe mtu wa kusifu tu. Waliokuwa wanasifia moshi wangu sasa wananifukuza. Wanasema nanuka kama jengo lililoungua. Nguo, nywele, pazia, vyote vinashika. Na unapofika theluthi ya mwisho, kama ulivuta kwa papara, ukali unajikusanya hapo na unavumilia tu. Kwa hiyo tano ni nyingi. Nne.

Baadaye nilionja pia Virginia ya vipande vilivyoshindiliwa, ile unayoifikicha mwenyewe kwa vidole. Hiyo ina sukari nyingi na inaunguza ulimi vibaya ukiikimbiza, tofauti kabisa na hii. Bado tunazoeana, siwezi kuihukumu.

Simshauri asiyevuta aanze. Kiko kisichovutwa hadi mapafuni bado kinaleta kansa ya mdomo na koo, na asiyelijua hilo ajue. Naongea na ambaye tayari anacho mkononi, anataka kubadilisha tumbaku, na anakaribia kumuuliza mtu asiye sahihi.

Kwa hiyo: tumbaku, nne. Kiko cha gunzi, tano, na ningeweza kuongeza ningeongeza. Yule bwana, hapana, sitamwekea hata moja, na kopo la pili nimeshaagiza kwingine. Limefika juzi. Mfuniko umegoma vilevile, nimepinda ukingo kwa sarafu nyingine, kwa hiyo ile nne iandikeni tatu na nusu mpaka nilifungue.