Trekta Iliyokuwa Ikizimika Kila Baada ya Dakika 20: Uzoefu Wangu na Fundi wa Kuja Shambani

Nimesubiri miezi mitatu kabla ya kuandika haya, kwa sababu kazi ya fundi wa injini haionekani siku ya kulipa. Huonekana trekta ikiwa katikati ya shamba, plau imezama na jua limepanda. Huduma ninayoieleza ni ya fundi wa dizeli, mtu wa makamo, anayetoka mjini Malindi na kuja shambani kwa bodaboda, sanduku la spana likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile niliyoizuia nitaeleza sababu yake.

Trekta yenyewe ni Massey Ferguson 135 tuliyoachiwa na marehemu baba. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, aina ya AD3.152, na hiyo 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 2.5. Trekta za namna hii zilianza kutoka mwaka 1964, Perkins ikiwa imekwisha kununuliwa na Massey Ferguson tangu 1959, na ziliuzwa nyingi kiasi kwamba hadi leo vipuri vyake hupatikana Mombasa bila kuhangaika sana. Haina kompyuta, na ikishawaka haihitaji hata betri ili iendelee kunguruma. Inataka hewa, inataka mgandamizo, inataka dizeli safi kwa wakati wake. Kimojawapo kikikosekana, inasimama.

Shamba letu liko upande wa Magarini, ukishavuka daraja la Sabaki. Mwezi Machi, kaskazi inapoanza kulegea, kila mwenye ardhi huku hutaka awe amekwisha kulima kabla ya mvua za masika, na wiki hiyo hiyo ndipo trekta ilipoanza vituko. Asubuhi iliwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe, kisha ikatulia na kulima vizuri kwa dakika 20 hivi, halafu ikapoteza nguvu na kuzimika. Ukiiacha ipumzike nusu saa, huwaka tena kama haijawahi kuugua, na baada ya muda mfupi hurudia yale yale.

Fundi wa kwanza tuliyemwita, ambaye sitamtaja, aliisikiliza kwa muda usiofika hata wa kunywa kikombe cha chai, akasema ringi za pistoni zimekwisha na injini lazima ifunguliwe yote. Alitaka shilingi 85,000 za kuanzia. Kwa kuwa injini ni ya zamani, maneno yake yaliingia akilini kwa urahisi, na nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya mbuzi wangu. Aliyenizuia ni jirani mmoja mwenye pampu ya maji kando ya mto, ambaye ndiye aliyenipa namba ya huyu wa pili.

Huyu wa pili hakugusa spana kwanza. Alimwita mwana wa kaka yangu, ambaye ndiye dereva, akamuuliza:

“Mwanangu, ikizimika, hukata ghafla kama uliyevuta waya wa kuzimia, ama hulegea kwanza?”

“Hulegea, fundi. Hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kisha hufa.”

“Basi hiyo si maradhi, hiyo ina njaa.”

Alitaka aone mwenyewe, kwa hiyo akaiwasha, na ilipokuwa ikinguruma akafungua kifuniko cha kutilia oili na kuweka kiganja juu ya tundu. Ringi zikiwa zimekufa, alituambia, moshi hupenya chini ya pistoni na kutoka hapo kwa nguvu kama sufuria inayochemka. Hapa ilitoka pumzi ndogo tu. Jambo hilo lilimchukua kama dakika mbili, na shilingi 85,000 zangu zikapona.

Kisha akaifuata dizeli kutoka tangini kwenda mbele, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza mengi. Alianza na kifuniko cha tangi: kitundu chake cha hewa kikiziba, dizeli inapopungua tangi hujivuta ndani na kukataa kutoa, na ukilegeza kifuniko husikia hewa ikiingia kwa mfyonzo. Aliiacha injini ianze kulegea, akakifungua, na hakikusikika kitu, wala injini haikupata nafuu. Kifuniko kikaondolewa katika orodha ya washukiwa. Baada ya hapo alifungua paipu inayoingia kwenye pampu ndogo ya dizeli, ile iliyo ubavuni mwa injini, akakinga chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kufungua koki ya tangi. Kwa kuwa tangi la 135 liko juu ya injini, dizeli inapaswa kushuka yenyewe kwa wingi. Ilishuka kwa wingi, kweli, mpaka chupa ikafika nusu. Kisha mkondo ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukawa matone. Alitia mdomo kwenye paipu na kupuliza kuelekea tangini, tukasikia mapovu yakigugumia humo ndani, na dizeli ikarudi kwa nguvu. Hazikupita dakika nyingi ikawa matone tena.

Tangi lilishushwa na kumwagwa. Yaliyotoka chini yalikuwa na rangi ya maji ya Sabaki wakati wa mafuriko: maji, magamba ya kutu, ute mweusi unaoota pale dizeli inapokutana na maji, na katikati ya yote hayo kipande cha gunia la nailoni chenye ukubwa wa kidole gumba. Nilimtazama mwana wa kaka yangu, naye akatazama pembeni. Dizeli yetu hununuliwa kwa madumu, na dumu moja lilikuwa limepoteza kifuniko tangu mwaka jana, likawa likizibwa kwa kipande cha gunia. Kipande hicho kilikuwa kikielea tangini, kikivutwa polepole hadi kwenye tundu la kutokea, kikilifunika. Injini ikishazimika na mvuto kwisha, kinaachia. Hiyo ndiyo siri ya zile dakika 20 na ile nusu saa ya mapumziko. Kutu na maji navyo havishangazi kwa trekta inayolala karibu na bahari ikiwa na tangi nusu tupu, kwani unyevu wa usiku hugeuka matone ndani yake. Sasa hulijaza tangi jioni, si asubuhi.

Kuna jambo moja dogo alilolionyesha ambalo mimi ningelipita. Kwenye nati ya paipu ile ya kuingilia pampu kulikuwa na vumbi jeusi lililoganda, ilhali nati za jirani zilikuwa na vumbi jekundu kavu. Alilikwangua kwa ukucha na kuninusisha, lilikuwa dizeli. Mahali panapotoa tone trekta ikiwa imesimama, alisema, ndipo panapoingiza hewa pampu inapovuta kwa nguvu kwa sababu nyuma kumeziba. Wosha zote za shaba za upande huo zikabadilishwa, na filta pamoja nazo.

Kazi ya kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu za dizeli ilikuwa ndefu. Kijiti cha kupampu kwa mkono, kilicho kwenye ile pampu ndogo, kilicheza bila uzito wowote, na dereva wetu akatangaza kwamba pampu imekufa. Fundi aligusa stata kidogo, injini ikajongea, na kijiti kikawa kizito mkononi: kamu, ile nundu inayozunguka ndani ya injini na kuisukuma pampu, ikisimama ikiwa tayari imeisukuma, mkono haupati cha kusukuma. Wengi, alisema, wamenunua pampu mpya kwa kutojua hilo. Alilegeza boliti ya juu ya filta hadi mapovu yakaisha, akaingia kwenye injekta pampu, ile inayozipelekea silinda dizeli kwa shinikizo kubwa, kwanza skrubu ya ubavuni na kisha ya juu, na mwisho nati za paipu za nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, huku stata ikizungushwa. Iliwaka.

Nguvu ilirejea, lakini ule moshi mweupe wa asubuhi ulibaki. Injini ikiwa inanguruma polepole, alilegeza nati za paipu za nozeli moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipolegezwa mlio ukapinda, ya tatu vilevile. Ya pili haikubadilisha kitu, maana yake silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi yake sawasawa. Alituamuru tusogee na akatumia kitambaa kinene, kwa kuwa dizeli ya shinikizo hilo inaweza kupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la hospitali. Nozeli ilitumwa Mombasa kwa matatu na kurudi ikiwa imetiwa ncha mpya. Wakati wa kuingojea alipima nafasi za vali injini ikiwa baridi na kuzirudisha kwenye milimita 0.30.

Sasa ile nyota. Nozeli ilifika Malindi siku ya Alhamisi. Fundi alifika kwetu Jumamosi, simu yake ikiwa imezimwa siku nzima ya Ijumaa, wakati ambapo siku moja ya kulima ilikuwa na thamani kubwa kwangu. Hakutoa risiti; hesabu aliiandika nyuma ya boksi la filta. Tena, nozeli ile hushikwa na nati mbili zinazotakiwa kukazwa kidogo kidogo kwa zamu, na kwa spana ya kupimia nguvu. Yeye hana spana hiyo. Nilipouliza, alinijibu, “Mama, mkono wangu umezoea.” Baada ya wiki moja, mapovu meusi yalionekana pembeni mwa nozeli, ishara kwamba haikukaa vizuri. Alirudi, akaweka wosha nyingine na kukaza upya bila kudai hata nauli, na haijavuja tena. Jambo hilo nalihesabu kwa upande wake, ila ningependelea lisitokee.

Malipo yalikuwa shilingi 5,000 za ufundi, 3,800 za nozeli pamoja na kuituma, na 1,900 za filta na wosha: jumla 10,700. Tulimaliza ekari zote kabla ya mvua kushika, na dumu lisilo na kifuniko sasa linatunzia maji ya kuku.

Limebaki tatizo moja ambalo alilisema mwenyewe kabla hatujaliuliza. Oili inadondoka taratibu kati ya injini na gia, dalili ya sili ya nyuma iliyochakaa, na kuibadilisha kunahitaji trekta itenganishwe vipande viwili. Alishauri tusiiguse hadi mahindi yavunwe, bali tuangalie kijiti cha oili kila asubuhi. Tumeweka kopo la maziwa ya unga chini yake, na dereva huchora mstari wa makaa kila Jumapili kuonyesha oili imefika wapi. Mistari mitatu ya mwisho imekaribiana.