Rangi za aishedo za kila siku: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Orodha hii ya aishedo, yaani rangi za kupaka kope, imepangwa kwa ngozi ya maji ya kunde hadi nyeusi tii, na kwa mtu anayejipaka asubuhi, anapanda daladala, anashinda kazini na kurudi jioni bila nafasi ya kujirekebisha. Harusi na sendoff hazimo. Huko karibu kila rangi hupita, maana kuna taa, kuna mpambaji na kuna muda wa kukaa kwenye kiti.

Kinachoamua nafasi ya kila rangi hapa ni kupauka. Aishedo nyingi za unga zina talki, na nyingi huongezwa titani dioksidi, unga mweupe unaotumika kupunguza ukali wa rangi. Kwenye ngozi nyeupe weupe huo haujitokezi. Kwenye ngozi nyeusi hutokeza kama majivu, na kahawia uliyoipenda ndani ya kisahani (kibati kidogo chenye rangi) inageuka kijivu juu ya kope. Lebo itakutajia viungo: CI 77891 ndiyo titani dioksidi, na CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi. Lakini haitakwambia kiasi. Paleti nzima, yaani boksi lenye visahani vingi, hupewa lebo moja, na rangi zote hurundikwa mwishoni baada ya alama ya +/-, maana yake "huenda zimo". Kidole chako ndicho kitakachokupa jibu.

Nafasi ya 1: kahawia yenye wekundu, isiyong'aa

Ni rangi ya tofali lililochomwa. Kama bajeti inaruhusu kisahani kimoja tu, kiwe hiki. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana weusi wa ziada kuzunguka macho, wenye dalili ya kijivu au ubluu. Kahawia isiyo na wekundu ikikaa juu yake huongeza uchovu usoni. Yenye wekundu huusawazisha, na jicho linaonekana limeamka bila mtu kujua umepaka nini.

Chagua iliyokolea kidogo kuliko shavu lako, hatua mbili hivi. Ikilingana na ngozi inapotea, na ikizidi sana inakuwa kazi kuisambaza, kila kosa linaonekana. Kwa maji ya kunde, tofali la kawaida linatosha. Kwa ngozi nyeusi zaidi usiogope ile inayoonekana kama chungwa lililoiva ndani ya kisahani. Ikishakaa kwenye ngozi iliyokolea hutulia na kuwa kahawia yenye joto, wakati ile iliyoandikwa "kahawia ya wastani" kwenye boksi haionekani kabisa. Majina ya kwenye boksi, "nude" hasa, mara nyingi yalipangwa kwa ngozi nyingine. Yapuuze.

Kosa lake ni moja: ikifika hadi kwenye mstari wa nywele za kope za chini, macho huonekana kama ya mtu aliyelia. Iishie juu, kisha piga wanja mwembamba kati yake na jicho.

Nafasi ya 2: shaba

Hii ndiyo ya kumeremeta inayofaa ofisini. Mng'ao wake hutoka kwenye ulanga, madini yanayong'aa, uliopakwa oksidi ya chuma, kwa hiyo rangi na mng'ao ni kitu kimoja, wala hakuna unga mweupe wa kuuficha. Ndiyo maana hata paleti ya bei ya chini, ambayo kahawia zake zote ni chaki, mara nyingi huwa na shaba nzuri. Ukilazimika kununua kitu cha bei rahisi, nunua cha kung'aa, na fedha uiweke kwenye zisizong'aa.

Shaba haipendi brashi kavu. Ipake kwa kidole cha pete, gusa na kubandika, usifute. Joto la kidole huilainisha ishike vizuri. Ukitaka ikolee zaidi, nyunyizia brashi bapa maji kidogo baada ya kuchukua rangi. Ukichovya brashi iliyolowa ndani ya kisahani, uso wa unga hukauka na kuwa gamba gumu lisilotoa rangi. Gamba hilo huondolewa kwa kubandika selotepu na kuing'oa.

Angalia ukubwa wa chembe. Mng'ao laini unaofanana na hariri unafaa mchana. Ukiona vipande vinavyomemetuka kimoja kimoja, hicho ni glita, na kitashuka mashavuni kabla ya saa nne. Glita ya kupambia kadi na kazi za mikono isifike machoni kabisa: ni plastiki yenye kingo kali inayoweza kukwaruza jicho, na hatari ni kubwa zaidi kwa wanaovaa lenzi.

Nafasi ya 3: damu ya mzee

Rangi inayopendeza kwa karibu kila mwanamke mweusi, na inayonunuliwa vibaya kuliko zote. Ile nzuri huwa na kahawia ndani yake. Isiyo na kahawia huelekea waridi na huonekana kama jicho limepigwa. Ijaribu kwa kuisambaza hadi iwe nyembamba: ukingo ukibaki kahawia-nyekundu, chukua, ukingo ukiwa wa waridi au zambarau, rudisha.

Wekundu wake mara nyingi hutoka kwenye kamini, CI 75470, inayotengenezwa kutokana na wadudu. Wapo wasioitumia kwa sababu za dini au kwa kutokula vya wanyama, na wapo wachache wanaowashwa nayo. Huacha pia doa hafifu kwenye kope baada ya kunawa, jambo lisilo na madhara ila linashtua mara ya kwanza. Na kama nyekundu au pinki kali kwenye paleti imeandikiwa onyo kuwa si ya eneo la macho, onyo hilo ni la kweli hata kama kisahani kiko katikati ya rangi za macho.

Nafasi ya 4: kahawa nyeusi

Kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, isiyong'aa. Haipakwi kope nzima. Kazi yake ni mbili: kona ya nje ya jicho, na mstari juu ya nywele za kope kwa brashi nyembamba, badala ya wanja wa majimaji. Mstari wa unga husamehe mkono unaotetemeka. Nyeusi kabisa haina nafasi kwenye orodha hii. Kwa matumizi ya kila siku wanja unatosha, na aishedo nyeusi ya bei rahisi huanguka mashavuni kama masizi. Tukiwa kwenye wanja: wa unga usio na lebo uangaliwe sana, kwa sababu baadhi husagwa kutokana na galena, madini ya risasi. Usipakwe mtu mzima, sembuse mtoto.

Nafasi ya 5: bluu ya wino na kijani cha zeituni

Hizi ni za anayechoka na kahawia. Zikiwa na mng'ao kidogo hukaa sawasawa. Zikiwa kavu zisizong'aa, bluu hasa, hutoka mabaka. Weka kwenye mstari wa chini tu, kope ya juu ibaki kahawia, na hakuna ofisi itakayokuuliza.

Nafasi ya 6: dhahabu ya njano

Nzuri, lakini hupiga kelele mchana. Tone moja kwenye kona ya ndani linatosha, na shaba iliyopakwa nyepesi hufanya kazi hiyohiyo.

Nafasi ya mwisho: krimu, pinki ya maziwa, zambarau hafifu

Ndizo zinazojaa kwenye paleti nyingi na ndizo zinazopauka kuliko zote, kwa sababu wepesi wake unatokana na unga mweupe uleule. Krimu chini ya nyusi, iliyozoeleka kwenye video za mafunzo, kwenye ngozi nyeusi huchora mstari mweupe ambao simu yenye flashi huukuza mara mbili. Ukitaka kung'arisha hapo, tumia poda ya uso yenye rangi yako.

Paleti kubwa, visahani vinne, au kimoja kimoja?

Visahani vinne ndivyo tunavyoviweka juu, endapo vitatu kati yake ni rangi za nafasi ya kwanza hadi ya nne. Kimoja kimoja kinafuata: ni ghali kwa gramu, lakini hulipii usichotumia. Kisahani cha gramu 1.5 kikitumika kila siku hupita miezi mingi kabla ya bati kuonekana.

Paleti ya rangi 35 inakaa mwisho hata bei ikiwa nzuri. Ipime hivi dukani: ondoa rangi zote nyepesi kuliko ngozi yako, ondoa zinazofanana, hesabu zilizobaki, kisha gawa bei kwa idadi hiyo. Paleti "ya bei poa" yenye rangi sita za kweli mara nyingi inashindwa na visahani vinne. Juvia's Place ni mfano wa kampuni iliyoanza kwa kukoleza rangi kwa ajili ya ngozi nyeusi, na paleti zake hupita kipimo hiki kwa urahisi zaidi, ila kwa sababu hiyohiyo hughushiwa.

Aishedo ya krimu ya kijiti ni ya haraka kuliko zote na inafaa Nairobi au Arusha. Kwa joto la Dar, Mombasa na Zanzibar chagua ile inayokauka ndani ya dakika moja. Isiyokauka hujikusanya kwenye mkunjo wa kope kabla ya saa sita mchana. Anayeswali akumbuke kuwa ile isiyopitisha maji inabidi iondolewe kabla ya udhu, kwa hiyo unga humrahisishia siku. Kwa mvaaji wa nikabu unga usiomwagika ni lazima, kwa kuwa kila chembe huonekana kwenye kitambaa cheusi.

Kujaribu dukani

Usipake upande wa ndani wa mkono. Hapo ngozi ni nyepesi kuliko kope na kila rangi huonekana imekolea. Paka kwenye panja, pembeni mwa jicho, au mgongo wa mkono. Futa tabaka la juu la sampuli kwa pamba safi, chukua kwa kidole, pitisha mara moja tu. Toka nje, simama kivulini mchana. Taa nyeupe za dukani huficha majivu. Kisha sugua kwa kidole safi mara tano. Rangi nzuri hupungua ikibaki ileile, mbaya hugeuka kijivu. Puliza: unga ukiruka, asubuhi utakuwa chini ya macho yako.

Sampuli ya dukani isipakwe kwenye kope. Mlipuko wa macho mekundu wa Januari 2024 uliopita Dar es Salaam na pwani ulitukumbusha jinsi ugonjwa huo unavyosafiri kwa mikono na vitu vya kushirikiana.

Feki za Kariakoo na River Road hutambulika kwa vitu vidogo: tahajia mbovu kwenye boksi, namba ya toleo iliyopo kwenye boksi lakini haipo kwenye paleti, visahani visivyokaa katikati, na harufu ya rangi ya ukutani. Tafuta mchoro wa kikopo kilicho wazi chenye 12M au 24M, yaani miezi ya kutumia baada ya kufungua. Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulitoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS (Shirika la Viwango) mwaka 2019, na huko ndiko kwa kulalamikia bidhaa inayokuunguza.

Kupaka ili ifike jioni

Konsila (krimu ya kuficha madoa) kiasi cha punje moja ya mchele kwa macho yote mawili, iliyosambazwa hadi isionekane, kisha poda kidogo sana juu yake. Wengi huzidisha hapa, na tabaka nene ndilo linalopasuka kwenye mkunjo, si aishedo. Chovya brashi laini kwenye tofali mara moja, gonga mpini uangushe unga wa ziada, pitisha kwenye mkunjo kama kifutio cha gari, kulia na kushoto, jicho likiwa wazi ili uone rangi inapoishia. Shaba katikati kwa kidole. Kahawa nyeusi kwenye mstari. Anza na macho kabla ya faundesheni, ili unga ulioanguka ufutike bila kuharibu uso.

Kisahani kikivunjika njiani usikitupe. Saga vipande viwe unga laini ndani ya kisahani chenyewe, dondoshea spiriti ya kusafishia vidonda ile isiyo na rangi, tone kwa tone hadi uwe kama uji mzito, gandamiza kwa sarafu iliyofungwa tishu, kisha acha wazi usiku mzima. Kisitumike mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa. Njia hii ni ya unga tu, krimu haikubali.