Wadudu waliogandia kwenye gari: dawa, sponji au kitambaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina vitu vitatu vinavyouzwa kwa kazi moja, kutoa wadudu waliogandia mbele ya gari baada ya safari ndefu: dawa ya kupuliza, sponji yenye wavu, na kitambaa cha maikrofaiba.

Nianze na sponji, maana ndiyo inayonitia wasiwasi. Angalieni huu wavu. Ukiupitisha kidole, unausikia unavyoparuza. Kwenye kioo cha mbele sina neno, inasafisha vizuri sana, kioo ni kigumu. Lakini boneti! Juu ya rangi kuna tabaka angavu, mafundi wanaliita klia, na unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50. Karatasi ya kuchapishia ni nene kuliko hiyo. Sasa mdudu akikauka ganda lake huwa gumu, na pembeni yake pameshika vumbi la barabarani. Ukisugua kwa wavu, vumbi lote hilo unalisaga juu ya klia. Kivulini huoni kitu. Litoe gari jeusi juani ndipo utaviona vile vimistari vya duara boneti nzima. Na taa za mbele siku hizi ni za plastiki, kwa hiyo huko nako msiipeleke.

Hii dawa nimeipenda kwa sababu moja: inatoa povu zito linaloshika pale pale. Ile nyepesi inatiririka hadi chini kabla mdudu hajalainika. Lakini ina masharti yake. Boneti iwe imepoa, gari liwe kivulini, umwagie maji kwanza vumbi liondoke. Puliza, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza. Isikaukie hapo, tafadhali, inaweza kuacha madoa. Dawa kali huondoa na waksi pia, kwa hiyo ukimaliza paka upya.

Kitambaa je? Hapa ndipo wengi wanadharau. Kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya gari, kilaze juu ya wadudu, kiache dakika 5 hadi 10. Usisugue. Halafu futa taratibu, ukigeuza upande safi kila mara. Wadudu wa leo au jana wengi watatoka hivyo hivyo bila dawa yoyote. Akigoma mmoja, kilaze tena. Usiongeze nguvu ya mkono.

Lakini msingoje wiki nzima. Ute wa wadudu una asidi, na jua linapopasha boneti asidi hiyo inakula klia haraka zaidi. Doa likishachimba ndani, hakuna kitambaa wala dawa itakayolitoa, hapo ni kazi ya fundi na mashine ya polishi.

Kwa hiyo mwenye hela ya kitu kimoja, nunua vitambaa, tena vingi, kwa sababu kilichoanguka chini hakirudi kwenye rangi mpaka kifuliwe. Mwenye kusafiri mara kwa mara aongeze dawa yenye povu. Sponji ya wavu kama unayo tayari, iandike kabisa kwa kalamu ya wino mzito: KIOO TU, ili hata anayekuoshea gari asikosee.

Na waksi ipakeni kabla ya safari. Boneti yenye waksi mdudu hashiki sana, kazi ya kumtoa inakuwa nusu.