TAHADHARI: Anayeuza MechWarrior 5 kwa Sh 25,000 anakuuzia akaunti ya mtu

Ndugu zangu mnaocheza gemu za kompyuta, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dar na tangazo la MechWarrior 5: Mercenaries, gemu ya kuendesha mashine kubwa za vita zenye umbo la roboti, pamoja na nyongeza zake zote kwa Sh 25,000. Nilimtumia hela kwa simu mimi mwenyewe. Nilicheza wiki tatu tu.

Hauzi gemu huyu. Anakupa jina na nywila ya akaunti ya Steam (duka la gemu la mtandaoni) ambayo tayari ina gemu, kisha anakupa masharti mawili: usibadilishe chochote, na ukimaliza kupakua uiweke Steam nje ya mtandao. Nilidhani ananionea huruma na bando langu. Baadaye nikakutana na kijana mwingine kwenye kundi lile lile, tukalinganisha: jina moja, nywila moja, na yeye kalipa kama mimi. Tungeingia wote kwa pamoja tungetoana, ndiyo maana ya lile sharti la kukaa nje ya mtandao.

Siku akaunti ilipogoma nilimpigia. Akasema nitume Sh 10,000 nyingine "ya kuifufua". Nilituma. Akanizuia pale pale. Hiyo ya pili ndiyo nawaomba sana msiitume, kwa sababu hana cha kufufua. Akaunti ya Steam hurudi kwa aliyeifungua: akiwaonyesha wahudumu wa Steam kadi aliyolipia au namba ya gemu aliyoisajili zamani, wanamrudishia, hata kama umeshabadilisha nywila na barua pepe. Na masharti ya Steam yanakataza kuuza akaunti, kwa hiyo wewe mnunuzi huna pa kulalamikia kwao.

Walioicheza wataelewa kwa nini nimeumia. Unaanza mwaka 3015, baba yako ameuawa, umebaki na kikosi kidogo cha mamluki na madeni ya matengenezo. Kila mkataba unabishania: fedha kiasi gani, vyuma vya maadui kiasi gani. Mashine ikivunjwa mkono, siku zinapita gereji huku mishahara ya marubani inakusubiri. Nilitoka kwenye mashine nyepesi mpaka nikapata Atlas, tani 100, na tulikuwa wanne kamili wa kushuka vitani. Jioni baada ya jioni.

Kwa bahati, michezo iliyohifadhiwa hukaa pia kwenye kompyuta yako. Tafuta folda ya AppData, ndani yake Local, kisha MW5Mercs, Saved, na SaveGames. Kama umeshanunua kwa mtu huyu na bado inafunguka, nakili folda hiyo kwenye flashi leo, usingoje kesho. Mimi niliponunua gemu halali na nyongeza zile zile, kikosi changu kilifunguka na Atlas yake.

Na hiyo halali si ya matajiri peke yao. Misimu ya punguzo bei hushuka zaidi ya nusu, na kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye pesa za simu inatosha kulipia. Ukinunua Steam kwenyewe, ukaona kompyuta yako haiiwezi, unaomba kurudishiwa hela ndani ya siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Huyu muuzaji hakuruhusu hata kujaribu.

Anabadilisha namba na picha mara kwa mara, lakini maneno yake hayabadiliki: "akaunti fresh, full DLC (yaani nyongeza zote), usiguse settings". Akikuomba uzime kinga ya virusi ili uweke faili alilokutumia, kata mazungumzo hapo hapo. Kama uliwahi kumpa nywila inayofanana na ya barua pepe yako, ibadilishe sasa hivi. Namba yake itume kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na utunze ule ujumbe wa muamala. Mimi jumbe zangu zote mbili ninazo, na kesho asubuhi nazipeleka polisi.