Gari la kulala ndani lipewe maua yake, ila jiko lake jamani

Gari lenyewe nalipa nyota nne, jiko nyota moja na hiyo moja ni ya huruma tu.

Ni Land Cruiser ya zamani, juu ina hema la kukunjua, nyuma wameweka droo za mbao, kifriji cha betri, tenki la maji na jiko la gesi la plate mbili. Tulikodi hapa Mbeya siku nne za Krismasi, laki nne kwa siku, mafuta juu yako. Tulikuwa wanne, mimi, mke wangu, mdogo wangu na mama yangu mzazi ambaye alikubali kuja kwa sharti moja, Krismasi ale pilau, sio mkate na soda. Mama na mkwewe wakalala juu hemani, sisi wanaume kitenti chetu chini. Kampuni siitaji maana siku ya kurudisha tuliongea vizuri wakaahidi kubadilisha jiko, ngoja tuone.

Mchele tulichukua Igurusi, uko njiani kabisa na ukipita bila kununua mchele wa Usangu hapo nyumbani hawakuelewi. Chimala ndio unaacha barabara kuu ya kwenda Dar unaanza kupanda ile barabara ya mlimani ya kwenda Kitulo tulikokuwa tunaenda, wanaiita Hamsini na Saba, na jina halidanganyi, kona ni 57, mama alikuwa anahesabu kwa sauti akapotelea thelathini na kitu akaanza kusali. Desemba mvua imeshakolea, tope hadi kwenye rimu, lakini gari lilipanda bila kulalamika. Kilicholalamika ni droo. Komeo lake la plastiki likaachia kwenye kona mojawapo, trei ya mayai na chupa ya mafuta ya kula vikakutana huko huko ndani, tumefika juu tunafungua tunakuta kama mtu alianza kukaanga bila moto. Ukikodi gari la hivi nenda na mpira wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, zungushia droo zote, usiamini komeo.

Mkesha tulilala Kitulo kwenyewe. Wanaita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua ndio yalikuwa yanaanza kufunguka na mvua, hapo sina neno. Shida ni chakula. Mke wangu akabandika maharage saa kumi jioni, saa mbili usiku bado yanagonga kama kokoto. Kumbe kule uwandani ni kama mita 2,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, unaona yanatokota kwa fujo ukadhani yanapika kumbe ni kelele tu. Yaani maharage ungeloweka tangu jana yake au uje nayo yameshachemshwa nyumbani, au ubebe sufuria ya presha, na kampuni ingetuambia maana wao ndio wanapeleka watu huko kila siku.

Halafu gesi. Jiko linatumia vile vikopo vidogo vya kutupa, na gesi ya humo ni butane, baridi ikikaza inagoma kupanda, na kadiri unavyopika kikopo chenyewe kinazidi kupoa, moto unabaki kama mshumaa wa kanisani. Walitupa vikopo vinne wakasema vinatosha siku nne. Vitatu viliisha kwenye yale maharage, ambayo hatukuyala. Tulikula parachichi za Rungwe na mkate, na mama hakusema kitu, ambacho ni kibaya kuliko angesema.

Asubuhi ya Krismasi tukashuka Matamba, kuna mama mmoja tulipewa nafasi ya kuegesha uwanjani kwake. Nikatoa jiko nikabandika ile sufuria kubwa, ikakaa upande mmoja plate, upande mwingine hewani, nyama inatereza kama iko kwenye Hamsini na Saba tena. Mwenyeji akaangalia akacheka, akasema, "Mwanangu, hilo la kuchemshia chai ya mgonjwa." Akaleta jiko lake la mkaa.

Hapo mama yangu ndio akafufuka. Kitunguu akakikaanga hadi kikawa na rangi ya kahawa, maana alisema pilau nyeupe ni ubwabwa uliopotea njia, akatia nyama, bizari, viazi vya pale pale Matamba, mchele, na maji yalipokaribia kukauka akapalia mkaa juu ya mfuniko. Ule mchele ulichambuka punje punje na ukoko wake tuligombania watu wazima. Mwenyeji naye alileta makande, tukala wote uwanjani, mvua ilipoanza tukavuta lile turubai la pembeni ya gari, na hilo turubai niseme ukweli ni kitu bora kuliko vyote walivyotufungia, kubwa, halivuji. Ila jiko la mkaa liacheni nje kabisa, mdogo wangu alitaka kulibeba usiku kwenye kitenti tuote moto nikamkatalia, ile hewa yake ya sumu haina harufu, mnalala hamuamki.

Kurudisha wakanikata elfu ishirini ya kusafisha droo yenye mafuta. Nikawaonyesha lile komeo, wakarudisha elfu kumi.

Pasaka nitalikodi tena, nakwenda na mtungi wangu wa kilo sita na jiko la mkaa, sufuria mama ameshasema atachagua yeye.